Risala Iliyosahihishwa kwa Kalamu Nyekundu

Baba alinipigia simu Jumapili saa nane mchana, saa ambayo kwa kawaida huwa amelala kibarazani, gazeti usoni. "Kamati imekupa kazi," akasema, hata shikamoo yangu hajaipokea vizuri.

Kamati ni wazee saba wenye kundi la WhatsApp na mweka hazina asiyecheka. Walisoma pamoja chuo kimoja cha ualimu kanda ya kati. Waliingia 1975, wakatoka mwishoni mwa 1976 na vyeti vya Daraja la A, na kwa nusu karne wamekuwa wakizikana, wakiozeshana watoto na kugombana kuhusu Simba na Yanga. Agosti hii walikuwa wanatimiza miaka 50 tangu siku walipoteremka kwenye lori na masanduku yao ya bati. Ibada ingekuwepo, mbuzi wangekuwepo, fulana zingekuwepo. Na safari hii kulikuwa na jambo jipya: wameamua kuwaenzi wake zao.

"Wengi nao ni walimu, unajua," baba akasema. "Sasa wewe uliyesomea kuandika, tuandikie risala ya akina mama. Ukurasa mmoja na nusu. Usichoshe watu."

Nikaiandika jioni ileile. Ilinichukua dakika arobaini, na hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Risala ya akina mama hujiandika yenyewe. Unaanza na mgeni rasmi, unasema wanawake ni jeshi kubwa, unawaita nguzo ya familia, unawashukuru kwa uvumilivu wao miaka yote ambayo baba wa nyumba alikuwa akilitumikia taifa, unamtaja Mungu, unaomba makofi. Ijumaa nilikuwa naenda nyumbani, nikaichapa nikaiweka kwenye mkoba. Nisiwafiche, nilitaka mama anisifie.

Mama alistaafu 2020, lakini kalamu nyekundu bado anazo, zimesimama kwenye kopo la Blue Band juu ya kabati. Akavaa miwani. Akasoma mara moja bila kusema kitu, kisha akachukua kalamu moja, akaijaribu kwenye ukingo wa gazeti la baba, akarudi mwanzo. Neno "uvumilivu" na ndugu zake lilikuwamo mara sita. Yote sita akayazungushia duara. Pembeni ya la kwanza akaandika: "Wa nini?" Penye "wake wa wahitimu wetu" akapiga mstari, akaandika: "Majina?" Chini kabisa, pale ambapo mwanafunzi hutafuta alama yake, akaandika neno moja: "Rudia."

"Mama, si nimewasifia?"

"Umesifia nini? Hii risala unaweza kumsomea hata mke wa mwizi. Naye anavumilia."

Basi nikaomba orodha ya kamati. Ilikuwa na safu nne: jina la mhitimu, namba ya simu, ukubwa wa fulana, mwenza. Kwenye safu ya mwenza nusu ya mistari ilikuwa imeandikwa "Mama fulani", jina la mtoto wa kwanza, na mingine ilikuwa na alama ya tiki tu, maana yake mke yupo. Ilibidi nipige simu nyumba ishirini na tatu kwa wiki mbili. Katika nyumba hizo nilipata wanawake tisa waliofundisha hadi kustaafu. Majina yao yote yamo kwenye risala. Hapa siyaweki, kwa sababu wawili waliniomba nisiyatoe mtandaoni, na mama akasema ama wote ama hakuna.

Nilianza na wa karibu yangu, nikidhani hapo sina la kuuliza.

Mama alimaliza darasa la saba 1975, Upareni, ana miaka kumi na tano. Mwaka mmoja kabla, Novemba 1974, TANU ilikuwa imekaa Musoma na kuamua kwamba kila mtoto aliyefikia umri wa kwenda shule awe darasani ifikapo Novemba 1977. Miaka mitatu, nchi nzima. Madarasa yangeweza kujengwa kwa nguvu za wananchi, lakini mwalimu hafyatuliwi kama tofali. Hata kama vyuo vyote vya ualimu vingejazwa mpaka milangoni, visingetoa walimu wa kutosha kwa muda ule. Ndipo serikali ikawageukia watoto waliokuwa wametoka darasa la saba juzi tu. Ikawachagua, ikawapeleka mashuleni, wakajifunza kufundisha huku wanafundisha. Asubuhi unasimama mbele ya darasa, mwalimu mzoefu amekaa nyuma anakuangalia. Mchana unasoma masomo yaliyokuja kwa posta na kusikiliza vipindi vya Redio Tanzania. Kisha kuna wiki chache za kuitwa chuoni. Ukivuka miaka mitatu hivyo, unapata cheti. Zaidi ya vijana 30,000 walipitia njia hiyo, na mama alikuwa mmoja wao. Alianza 1976, na ananiambia kwamba katika darasa lake la kwanza kulikuwa na mvulana aliyemzidi kimo, na aliyekuwa anaanza kunyoa.

Wakaitwa walimu wa UPE, yaani Elimu ya Msingi kwa Wote kwa kifupi cha Kiingereza, na watu wenye midomo wakazitafsiri upya herufi zile: Ualimu Pasipo Elimu. Mama hulitaja jina hilo kwa utulivu wa mtu anayetaja ugonjwa aliougua zamani.

Mwalimu mzoefu aliyekuwa anakaa nyuma ya darasa, kuanzia 1977, alikuwa kijana mpya kutoka chuoni, kidato cha nne, Daraja la A, suruali ya bugaluu. Ndiye baba. Daftari la maandalio la mama la mwaka ule bado lipo, na ndani yake kuna mwandiko wa baba: "Andalio zuri. Sauti iongezwe." Wakaoana 1980. Nilipomwonyesha mama ule mstari, akacheka mpaka akavua miwani. "Sauti nilikuwa nayo," akasema. "Yeye ndiye aliyekuwa hasikilizi somo."

Sasa, nilikuwa nikijua mama alifundisha darasa la kwanza. Sikuwa nimewahi kuuliza ni kazi gani hasa. Ukiwa mtoto wa mwalimu unaiona kazi kama chaki kwenye vitenge, kama rundo la madaftari mezani ambalo huruhusiwi kumwagia chai. Safari hii nikamwambia anifundishe mimi, kana kwamba sijui kusoma.

Akaanza na a, e, i, o, u, kwa mkono hewani, mgongo ameniwekea mimi, kwa sababu ukiwageukia watoto huku unaandika hewani wataiona herufi kinyume. Hilo hakulipata kwenye somo la posta. Alilipata baada ya muhula mzima wa watoto kuandika e iliyogeuka. Halafu ba, be, bi, bo, bu. Silabi kwanza, neno baadaye, na neno la kwanza liwe kitu ambacho mtoto anaweza kukishika: baba hashikiki, amekwenda kilabuni; kibuyu kinashikika. Vizibo vya soda vya kuhesabia vilitunzwa kwenye soksi. Wakati madaftari yalipoadimika, miaka ile ya themanini ambapo hata sabuni ilikuwa ya foleni, watoto waliandika mchangani kwa kidole, mstari kwa mstari, na mama akipita na kusahihisha kwa ncha ya kiatu. Akiona kosa, anafuta kwa unyayo. "Mchanga una faida yake," akasema. "Kosa halibaki."

Mwaka 1984 baba alihamishiwa mkoa wa Dodoma. Nitarudi kwenye uhamisho huo, maana ndio uliotugombanisha na kamati. Kwa sasa nieleze tu kwamba mama alijikuta Ugogoni, anafundisha kusoma Kiswahili watoto ambao siku ya kwanza walikuwa wanajua Kigogo peke yake. Yeye wakati huo Kigogo chake kilikuwa salamu ya "mbukwenyi" na basi. Akapanga na mtoto mmoja wa darasa la nne, mjukuu wa jirani, awe anamfundisha maneno matano kila jioni kwa malipo ya kitumbua. Kabla ya kumwambia mtoto kwamba hiki kinaitwa "jiwe", alitaka ajue kwao kinaitwaje.

Na kulikuwa na suala la ndege. Uwele na mtama vikianza kukomaa, kweleakwelea hushuka kama wingu, na kazi ya kuamia ni ya watoto. Nusu ya darasa lilikuwa linapotea kwa wiki kadhaa. Watoto wako shambani, juu ya madungu, na makombeo na madebe ya kugonga, tangu alfajiri mpaka jua linazama. Kwenye daftari la mahudhurio ni misalaba mitupu. Mwalimu mkuu aliandika barua kwa wazazi, mwenyekiti wa kijiji akatishia faini. Mama aliwaona wazazi wana haki: ndege wakila mtama, hakuna wa kumlisha huyo mtoto anayejua kusoma. Akachukua ubao mdogo, akaenda shambani. Saa kumi jioni alikuwa anapita dungu hadi dungu. Mtoto anashuka, mama anapanda kupiga debe badala yake, na huku juu anaamuru, "Andika la, le, li, lo, lu!" na mtoto anaandika ardhini chini ya dungu, kwa fimbo, herufi kubwa ili mwalimu azione kutoka juu. Dakika kumi, dungu linalofuata. Alifanya hivyo misimu minne. Hakuna fomu ya tathmini yenye nafasi ya kuandika jambo kama hilo, na yeye hakuomba posho.

"Kwa nini hujawahi kutuambia?"

"Mlikuwa mnanisubiri nipike. Mngesema nimechelewa."

Kwenye simu zangu nilikutana na mengine ambayo kila moja lingestahili makala yake. Kuna mama aliyeanza kufundisha kabla ya kuajiriwa: akiwa msichana, katika kampeni ya kisomo cha watu wazima mwanzoni mwa miaka ya sabini, aliwafundisha wazee wa kijiji kusoma, baba yake mzazi akiwamo, na anasema mzee alikuwa mkaidi kuliko watoto wote aliokuja kuwafundisha. Mwingine alikwenda chuo cha Patandi kusomea elimu maalumu, akarudi na kuanzisha kitengo cha watoto viziwi kwenye shule ambayo haikuwa na choo cha kutosha hata kwa wanaosikia; mumewe alijifunza lugha ya alama ili aweze kupokea wageni wa mkewe. Mwingine ni wa sayansi kimu, somo ambalo watu hulidhani ni la kupika maandazi. Huyu alilitumia kufundisha hesabu za uwiano. Na mmoja, nilipomuuliza nini anajivunia, akafikiri muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema: "Sikuwahi kuchelewa." Miaka thelathini na sita. Nikaandika.

Karibu wote walikuwa na jambo moja ambalo hawakulitaja hadi nilipouliza: kila mume alipopewa barua, mke aliacha darasa nusu. Kwenye utumishi kuna sababu ya uhamisho inayoitwa "kumfuata mume". Ukihama kwa sababu hiyo, unafika shule mpya kama mgeni. Ualimu mkuu msaidizi uliokuwa unakuja unabaki kule ulikotoka. Barua ya kupanda daraja inakufuata kwa posta ya wilaya mbili, na wakati mwingine haikupati. Mwalimu wa kiume akihamishwa mara nne, mwishoni huwa amepanda ngazi nne. Nimeangalia tisa wangu: mmoja tu ndiye aliyewahi kuwa mwalimu mkuu, na ndiye ambaye mumewe hakuhamishwa hata mara moja. Tisa ni wachache mno kujengea hoja, najua. Lakini nyie wenye mama walimu, kawaulizeni.

Kisha kuna vyeti. Mwanzoni mwa miaka ya tisini ilianza kuwa wazi kwamba mwalimu asiye na Daraja la A hana mbele. Mama hakuwa amekanyaga sekondari. Akaamua kufanya QT, ule mtihani unaompa mtu wa darasa la saba ruhusa ya kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mimi nilikuwa sekondari wakati huo, na tulikuwa na kandili moja. Tuliligombania. Anafika kutoka shule, anapika, anasahihisha, halafu saa tatu usiku anafungua kitabu cha baiolojia kilichokuwa changu, anasoma kwa kidole chini ya mstari kama watoto wake. Alikuwa ananiuliza mimi maswali. Niliona aibu, siku zile. Mama wa wenzangu walikuwa hawaulizi osmosisi. Alipata QT, akafanya kidato cha nne, akapata daraja la nne, akafurahi kana kwamba ni la kwanza. Baada ya hapo akaitwa chuoni kumalizia Daraja la A.

Nilikuwa naandika hayo kwenye daftari langu, meza ya jikoni, nikamuuliza kwa mazoea tu ni chuo gani.

Akanitajia chuo cha baba.

Nikaweka kalamu chini. Chuo kilekile. Bweni la wasichana lililojengwa ng'ambo ya uwanja ambao baba hutusimulia alikofunga goli. Mama ana cheti cha Daraja la A chenye jina la chuo kile, cha mwaka 2000. Niliwahi kukiona, kimo kwenye bahasha ya kaki pamoja na vyeti vyetu vya kuzaliwa. Sikuwahi kuviweka pamoja kichwani, wala baba, wala wazee saba, wala mweka hazina asiyecheka. Kwenye orodha ya wahitimu wa chuo kile wanaosherehekea chuo chao, mama yangu yuko safu ya nne, "mwenza", baada ya ukubwa wa fulana.

"Mbona hukusema?"

"Wao ni wa sabini na tano," akasema. "Mimi nilikuwa na darasa langu."

Ni kweli, sherehe ilikuwa ya darasa la 1975, si ya chuo kizima. Ila bado.

Usiku ule sikulala mapema. Nilijikuta namfikiria Mama Maria Nyerere. Wengi wetu tunajua mumewe alisoma Makerere kuanzia 1943, akafundisha St. Mary's Tabora, akaenda Edinburgh, akarudi na kufundisha Pugu mpaka 1955 alipochagua siasa. Kwa hiyo tunamwita Mwalimu. Wachache wanakumbuka kwamba Maria Waningu, msichana wa Baraki, Tarime, alisomea ualimu Sumve kwa masista na alikuwa akifundisha Shule ya Msingi Nyegina, karibu na Musoma, kabla ya ndoa yao ya 1953. Alipokuja Dar es Salaam na siasa ikala mshahara, alifungua duka dogo ili watu wa nyumbani wale. Ukijumlisha miaka ya Tabora na ya Pugu, Nyerere darasani hafikishi miaka saba. Simpunguzii jina lake. Alilipata kwa namna alivyokuwa anaeleza mambo, si kwa chaki peke yake. Ninachosema ni kwamba katika nyumba ile kulikuwa na walimu wawili waliosomea kazi, na nchi nzima ikampa mmoja jina la Mwalimu, mwingine ikampa jina la Mama.

Makerere penyewe, asije mtu akadhani ni jambo la juzi, walikuwa na kaulimbiu ya Kiingereza ambayo kwa Kiswahili ni "Tuwe wanaume". Waliibadilisha 1945, kwa sababu mwaka huo waliingia wanafunzi wa kike wa kwanza, sita, na ingekuwa vigumu kuwaimbisha. Mwai Kibaki naye ni wa Makerere, na mkewe Lucy alikuwa mkufunzi na mkuu wa chuo cha ualimu kabla ya kuacha kazi baada ya ndoa. Kwetu, Mama Salma Kikwete alifundisha kwa zaidi ya miaka ishirini. Mama Janeth Magufuli alikuwa anafundisha Shule ya Msingi Mbuyuni, Dar es Salaam, wakati mumewe, aliyepitia Mkwawa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni waziri. Marais watatu wa nchi moja wameoa walimu wa shule ya msingi. Tukiwataja wanawake hao tunasema "Mama", tunasema "mke wa". Ni heshima, sikatai. Hata mimi nimelelewa nisimwite mtu mzima kwa jina lake. Lakini shuleni mama yangu alikuwa Mwalimu na jina lake la kuzaliwa, watoto mia wanaliimba kila asubuhi. Akivuka uzio wa shule kurudi nyumbani, jina linabaki getini.

Na si mia tu. Ada ya shule ya msingi ilipofutwa 2001 na MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ukaanza mwaka uliofuata, nchi nzima wanafunzi wa shule za msingi walipanda kutoka milioni 4.4 mwaka 2000 hadi karibu milioni 8 mwaka 2006. Takwimu hizo husomwa kwenye hotuba kama ushindi, na zilikuwa ushindi. Kwa mama zilikuwa darasa la kwanza lenye watoto 168, kwa zamu mbili, chumba kimoja. Aliwagawa kwa rangi za vizibo. Koo ilimwacha mwaka ule na haikurudi sawasawa. Ule uimbaji wake wa kanisani uliishia pale. Miaka ile ile zikaja shule za sekondari za kata na vijana waliotoka kidato cha sita, wakapewa mafunzo ya wiki chache na kutupwa madarasani, watu wakawaita "voda fasta". Walimu wengi walikuwa wanawacheka. Mama alikuwa anawaalika chai. Wawili walikuwa wanakuja na maandalio yao ya somo, wanakaa jikoni kwetu, anayapitia kwa kalamu nyekundu. Mmoja leo ni mkuu wa shule. Ndiyo maana zile kalamu haziishi.

Risala ya pili haikuwa na neno uvumilivu. Haikuwa na nguzo wala jeshi. Ilikuwa jina, shule alizofundisha, madarasa, miaka, na jambo moja. Ilivuka ukurasa mmoja na nusu, baba akalalamika, kisha akaisoma, akaenda uani akakaa huko muda. Aliporudi akaniuliza, "Hayo ya kwenye madungu ni kweli?" Alikuwa anakaa nyumba hiyohiyo. Alikuwa afisa elimu wa wilaya hiyohiyo, akikusanya takwimu za utoro.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali, mbuzi walichelewa, mgeni rasmi alikuja saa mbili baada ya muda, kama ilivyo ada. Khanga zilikuwa zimeshachapishwa kabla ya mimi kuingilia mambo, pea ishirini na tatu, maandishi yake: Mke mwema ni taji kwa mumewe. Mama alipokea yake kwa mikono miwili na kupiga goti. Khanga ni khanga.

Nilisoma mimi. Kila nikitaja jina, mwenye jina anasimama, na hilo lilichukua muda, magoti ya watu wa sabini si ya kuharakisha. Hakuna aliyekuwa amewaambia wapige makofi baada ya kila mmoja, kwa hiyo mwanzoni ilikuwa kimya, ukumbi mzima wa walimu wastaafu wanasikiliza kama wako ukaguzini. Nilipofika kwa yule asiyewahi kuchelewa, nikasoma hivyohivyo: miaka 36, hakuchelewa. Mzee mmoja meza ya mbele akasema kwa sauti kuliko alivyokusudia, "Thelathini na sita! Kumbe!" Ndiye mumewe. Hapo ndipo ukumbi ukaangua kicheko, na makofi yakaja yenyewe. Penye jina la mama nilitaja shule zake tano na chuo, na mwaka wa cheti. Katibu wa kamati alimgeukia baba, baba akatazama sahani.

Nikamalizia kwa jumla ya miaka ya wanawake tisa darasani: 287.

Tulikuwa njiani kurudi, mama kiti cha nyuma, khanga magotini, amenyamaza tangu tulipotoka lami. Nikadhani amelala.

"Hesabu yako ina kosa," akasema.

"Wapi, mama?"

"Umeniandikia 41."

Nilikuwa nimeipata kwa baba. Sabini na tisa alipoajiriwa, mpaka 2020. Ni 41.

"Themanini na nne tulihama," akasema. "Yeye alipata barua, mimi sikupata. Nilichukua likizo bila malipo, nikasubiri. Kituo nilikipata themanini na sita. Miaka miwili sikufundisha."

Baba, mbele, alikuwa anaangalia dirishani. Nikamwambia mama kwamba labda tungeihesabu tu, alikuwa mwalimu hata hivyo, si ndiyo? Bila shaka alikuwa anawasaidia watoto wa majirani.

"Sikusaidia mtoto yeyote. Niliuza vitumbua. Ni 39. Jumla ni 285."

Tulipofika, kabla hajavua viatu, akamwomba baba simu, akampigia katibu. Nilisikia upande wake tu. Akamwamkia, akamwulizia wajukuu, akamwambia kwamba kwenye muhtasari wa leo kuna tarakimu ya kurekebisha, achukue kalamu. Akamtajia. Inaonekana katibu alisema haina haja, miaka miwili ni kitu gani, maana mama alikaa kimya kidogo akimwachia amalize.

"Rekebisha," akasema. "Na pembeni uweke sababu ya miaka miwili kupungua. Andika: kumfuata mume."